Kiti cha Msikilizaji wa Pili

Santuri ilikuwa inazunguka, sindano imeshuka mahali pake, taa nyekundu ya mashine inawaka, na hakuna sauti iliyotoka.

Fundi alisubiri. Kusubiri alikuzoea, maana kazi yake ilikuwa kurekebisha sauti za piano katika shule na kumbi, na watu waliomjua walimwita Sikio. Akaongeza sauti. Kimya. Akainama, akaitazama santuri kwa jicho moja. Mistari yake ilikuwa safi, haina mkwaruzo hata mmoja. Akaongeza tena, mpaka mwisho.

"Baba," mkewe aliita kutoka chumba cha pili, alikokuwa akishona, "punguza. Hizo fidla zinanipasua kichwa."

"Fidla gani?"

"Hizo hizo zako za Kicheki. Kwani umeweka nyingine?"

Alidhani anamkejeli. Akazima mashine, akairudisha santuri ndani ya jalada lake, akaketi kumwandikia muuzaji barua kali: umeniuzia santuri bubu.

Tuseme ukweli, barua kali alikuwa ameziandika nyingi. Fundi huyu aliwatafuta watunzi wa muziki wasiojulikana wa nchi ya Wacheki, huko Ulaya. Wale wawili watatu ambao kila mtu anawajua hakuwataka. Aliwataka wale waliokaa nyuma yao: walimu wa shule za vijijini, wapiga vinanda wa miji midogo, makarani waliotunga muziki baada ya kazi na kufa bila kupigiwa makofi. Yote yalianza alipokuwa mwanafunzi wa ufundi. Siku moja redio ya karakana ilipiga utungo wa vyombo vitano wa mmoja wa watu hao. Sehemu ya kwanza ikaisha. Mtangazaji akasema sehemu ya pili ndiyo hasa ya kusikiliza. Umeme ukakatika.

Miaka thelathini na moja alikuwa akiitafuta hiyo sehemu ya pili. Safari moja santuri ilifika imevunjika vipande vinne. Safari nyingine jalada lilikuwa sahihi, ndani mkakutwa matarumbeta ya gwaride. Duka moja lilimpelekea santuri ya mmoja wa wale maarufu, pamoja na kijikaratasi: "Huyu naye ni Mcheki." Kijikaratasi hicho alikikunja, akakitia mfukoni, na akakasirika nacho mwezi mzima.

Chumbani mwake mlikuwa na viti viwili. Miaka ya mwanzo mkewe alikaa kwenye cha pili, pindo la nguo mkononi, wakasikiliza pamoja. Kisha matarumbeta yakaja mara ya tatu, Fundi akanuna wiki nzima, na mkewe akasimama. "Mimi niliolewa na wewe," alisema, "sikuolewa na hao marehemu." Akachukua mkasi wake, akaenda zake.

Fundi hakukiondoa kile kiti. Kila alasiri, kabla ya kushusha sindano, alikung'uta mto wake na kusema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ukuta: "Karibu uketi, wewe usiyechoka." Ulikuwa utani, lakini utani wenye mwiba. Alikuwa ameurudia miezi minne santuri ya kwanza bubu ilipofika.

Jibu la muuzaji lilikuja upesi. Santuri ilisikilizwa na watu watatu, nayo inaimba vizuri, labda mheshimiwa apeleke mashine yake kwa fundi. Fundi alisonya. Mashine aliikagua mwenyewe. Nyimbo za dansi zilisikika. Akapata santuri ya pili ya Kicheki kutoka kwa mkusanyaji mwingine. Bubu. Akapata ya tatu. Bubu pia, na kupitia mlangoni alimwona mkewe katika chumba cha pili akitingisha mguu kwa kuifuata.

Ila sasa alianza kutambua jambo. Kila sindano iliposhuka, kabla ya kimya, kulikuwa na sauti moja ndogo, kama mtu anayemeza funda la maji. Baada yake ikaja harufu ya ulimbo, ule wanaopaka kwenye nyuzi za upinde wa fidla. Hapakuwa na fidla nyumba nzima. Akaugusa mto wa kiti cha pili. Ulikuwa umebonyea katikati, na palipobonyea palikuwa na joto.

Wiki hiyo mwalimu wa kwaya alimwita shuleni.

"Fundi, nakuheshimu," alisema, "lakini hizi funguo saba za juu za piano umeziacha zinalia kama paka."

Fundi akabonyeza ya kwanza. Akasikia nyundo ndogo ikigonga ndani, ko, kama kidole juu ya meza. Noti yenyewe hakuisikia. Akabonyeza ya pili, ya tatu, mpaka ya saba.

"Unasikia?" mwalimu akauliza.

"Nasikia," Fundi akadanganya.

Alirudi nyumbani mchana kweupe, jua limejaa dirishani, akajifungia chumbani, akatoa uma wa sauti, kile chuma cha meno mawili cha kupimia noti, aliourithi kwa mwalimu wake, akaugonga gotini na kuuweka karibu na sikio la kulia, na mlio ukaanza, mwembamba, safi, ule ule aliouamini kuliko saa ya ukutani, kisha akahisi pumzi ya vuguvugu kwenye sikio la kushoto, upande ambao hapakuwa na mtu, na mlio ukavutwa polepole kupita ndani ya kichwa chake kama uzi unaochomolewa kwenye nguo, ukatoka upande wa pili, na hapo nyuma ya shingo yake kitu kikameza, kikatulia, kikangoja kingine.

Mkewe alimkuta ameketi sakafuni.

"Mama," Fundi akanong'ona, "zile santuri. Ulizisikia kweli?"

"Zote."

"Mimi sijasikia hata moja."

Mkewe alimtazama sana. "Na mimi nilidhani unanikomoa kwa kelele," akasema polepole. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Sikio hasikii?"

Mkewe hakucheka. Alikwenda kumwita shangazi yake.

Shangazi alikuwa mama wa makamo, mcheshi, anayejua mambo ya majini kama wengine wanavyojua mambo ya ushonaji. Sikio lake la kushoto lilikufa zamani, kwa hiyo aliyetaka kusema naye alizunguka upande wa kulia. Hakuja na moshi wala dawa. Aliuinamia mto, akaunusa, akakunja uso.

"Nani alimkaribisha jini huyu?"

Fundi aliangalia viatu vyake.

"Nauliza kwa sababu hawa hawakai bila kukaribishwa. Wana adabu kuliko wajukuu zangu." Akaketi mbali na kile kiti. "Huyu hana masikio yake mwenyewe. Anapenda kusikia, basi anasikia kwa yako, na akishasikia hakuachii makombo. Alianza na unachokipenda zaidi. Sasa amefika kwenye kazi yako. Akimaliza noti atakula maneno."

"Nitazivunja santuri zote," Fundi akasema. "Leo."

"Vunja. Atakosa cha kuongeza. Lakini alichokwisha kumeza hakirudi mpaka aondoke kitini."

"Anaondokaje?"

"Kiti kina mwenyewe. Mwenyewe akikaa, mgeni husimama." Shangazi akamtazama mpwa wake, kisha akatazama kando. "Atakwenda wapi akishasimama, hilo siwezi kuwaahidi. Wangu nilimsimamisha peke yangu." Akagusa sikio lake la kushoto, kama mtu anayegusa hereni.

Kesho yake kifurushi kikafika. Fundi hakuwa amekitarajia. Barua ndani ilisema tu kwamba mzee mmoja aliyekusanya santuri amefariki, na binti yake, alipokuwa akipanga vitu vyake, alikuta ombi la Fundi la miaka tisa nyuma. Mtunzi ndiye yule wa redioni. Vyombo vitano. Upande wa pili, sehemu ya pili.

Fundi aliishika santuri kwa ncha za vidole. Kisha akaiweka mezani, akaenda kuchukua nyundo.

Mkewe alisimama mlangoni. "Weka chini hiyo."

"Hukumsikia shangazi yako?"

"Nilimsikia kuliko wewe. Ukiivunja utabaki na masikio nusu, huna kazi, nami nitaishi na mtu aliyenuna mpaka kaburini. Wiki moja tu ilinishinda." Akamnyang'anya nyundo. "Kiti ni changu. Nilikiacha mwenyewe."

"Mama, tafadhali."

"Miaka thelathini na moja, Baba. Weka huo muziki tuusikie."

Akaketi. Alipougusa mto alishtuka kidogo, kama mtu aliyekalia paja la mwingine, lakini hakuinuka, akajikaza, akauminya mto kwa uzito wake wote, huku harufu ya ulimbo ikipanda nzito hadi machozi yakawatoka na pazia likijisogeza bila upepo, na Fundi akashusha sindano, akasikia lile funda likianza kumezwa, likakwama, mmezaji akapaliwa, na mara chumba kizima kikajaa fidla.

Alisikia kila kitu. Sehemu ya kwanza ilikuwa vile vile alivyoikumbuka. Akageuza upande. Sehemu ya pili ilianza na viola, ile fidla kubwa ya sauti nzito, peke yake, noti moja, ndefu, ndefu kuliko pumzi ya mtu, na vyombo vingine vinne vikaja kuizunguka kimoja kimoja, kama watu wa nyumba moja wanaoingia chumba cha mgonjwa bila kutaka kumwamsha. Fundi alilia bila kujizuia. Alisikia bomba likidondosha maji jikoni. Alisikia vitambaa vikipepea kwenye kamba ya nje. Alisikia moyo wake.

Sindano ikafika mwisho. Akainyanyua, akageuka, uso umelowa.

"Umesikia?" akauliza. "Mama, umeisikia ile viola?"

Mkewe alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, anaitazama midomo ya Fundi kwa makini, kama mtu asomaye kibao cha mbali. Akatabasamu.

"Anzisha basi, Baba," alisema, kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake. "Mimi nimeshaketi. Unangoja nini?"

Fundi alimsogelea. Harufu ya ulimbo sasa ilitoka ndani ya kilemba chake. Na katika kimya kile, kwa masikio yake mazuri yaliyorudi, alisikia wazi kabisa, karibu na shavu la mkewe, kitu kikimeza.