Vipande Vinane vya Sabuni

Kila Jumanne mchana, ua wa Caleb Obura huko Dandora ulinukia mafuta ya ng'ombe. Mkewe Adhiambo alikuwa akitengeneza sabuni. Aliyeyusha mafuta, akayaacha yapoe, kisha akamimina maji yenye kostiki soda, dawa kali inayounguza ngozi. Alikoroga kwa mwiko mpaka mchanganyiko ukawa mzito kama uji. Beseni moja lilitoa miche ishirini, myeupe na migumu. Majirani waliiita sabuni ya Mama Akinyi, kwa jina la bintiye.

Mwaka 1983 zahanati ya kanisa iliomba miche mia moja na sitini kila mwezi.

"Hayo ni mabeseni manane," Adhiambo alisema. "Mikono yangu haitoshi. Na Sista, yule mtawa wa zahanati, atakuja Ijumaa ya wiki ijayo kuona kazi. Isipomridhisha, atarudi kwa sabuni ya kiwandani."

Caleb alikuwa fundi wa vyuma. Alicheka. "Mama Akinyi, umeolewa na nani?"

Alipima beseni: urefu, upana na kina. Akazidisha kila kipimo mara mbili. Kwa siku mbili alikata na kuchomelea bamba la chuma. Chombo kikatoka kizuri, kikachukua mabeseni manane kamili.

Jumanne iliyofuata Adhiambo alikijaza mafuta. Alimimina kostiki yote kwa mara moja, kama alivyozoea, akaanza kukoroga. Baada ya muda mchanganyiko ulianza kupanda kama maziwa yanayochemka.

"Baba Akinyi! Inapanda!"

"Koroga!"

"Nakoroga nini? Kimbia!"

Sabuni ilifurika uani. Ilimrukia Caleb mguuni. Mpangaji wao, Mirriam Wacuka, alitoka chumbani mbio na ndoo ya maji.

"Vua kiatu! Usiuondoe mguu!" Alimwagia maji mguu ule kwa robo saa, ndoo baada ya ndoo. Ngozi ikawa nyekundu tu.

Wacuka alikuwa fundi wa maabara katika chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kuunda na kupima mifano midogo ya vyombo vya viwanda kabla vikubwa havijatengenezwa.

"Chombo hakikuvuja hata tone," Caleb alisema kwa uchungu. "Kosa ni la kostiki."

"Uchomeleaji wako ni safi, Baba Akinyi. Kosa ni la umbo," Wacuka alijibu. "Nipeni sabuni iliyokauka."

Alikata vipande vinane bapa, vya ukubwa mmoja. Akapanga vinne chini na vinne juu yake.

"Hiki ni chombo chako. Kila kipande ni beseni moja. Mafuta na kostiki vikikutana, vinatoa joto. Joto hilo hutoka zaidi juu na chini. Vipande vingapi vinaonekana juu?"

"Vinne," alisema Adhiambo.

"Na sabuni ni ya vipande vingapi?"

"Vinane." Adhiambo alivihesabu tena kwa kidole. "Kwa hiyo joto ni mara nane, na mahali pa kutokea ni mara nne tu."

"Ndiyo. Lililobaki limechemsha sabuni."

Adhiambo alivishika vile vipande, akavitandaza mezani, viwili kwa vinne. "Na tukivilaza hivi? Kila kimoja kina juu yake na chini yake."

Wacuka alitabasamu. "Sasa umekisanifu wewe. Upana mara mbili, urefu mara nne, kina kilekile cha beseni."

Caleb aliruka. "Hilo ni hori la ng'ombe! Mimi nitengeneze hori, Sista alione?"

"Kwanza utatengeneza kipande kifupi cha hori," Wacuka alisema. "Tupime kabla hujalimaliza bamba lote. Na usitumie mabati ya paa. Kostiki hula lile tabaka lake la rangi ya fedha."

Caleb alinung'unika, lakini akaunda kile kifupi. Adhiambo alivaa glavu za mpira na miwani ya kukinga macho. Alitia kostiki kwenye maji, si maji kwenye kostiki, ili isimrukie. Safari hii aliimimina polepole. Wacuka alimwachia kipimajoto na daftari. Beseni lilifika nyuzi hamsini na nane. Hori fupi, hamsini na tisa. Walipoongeza kina mara mbili, lilifika themanini, na sabuni ikaanza kuvimba. Adhiambo aliandika yote. Caleb aliitazama ile themanini kwa muda, akaenda kuleta bamba.

Ijumaa Sista alisimama kando ya hori. Adhiambo alimimina, akakoroga, akasoma kipimajoto.

"Sitini, Sista. Haitapanda zaidi ya hapo sana."

"Unajuaje?"

Adhiambo alimpa daftari. Sista alilisoma ukurasa kwa ukurasa. "Hata kiwandani sijaonyeshwa kitu kama hiki," alisema. "Leteni miche yangu ikishakauka. Nani aliyesanifu chombo?"

"Mimi," alisema Adhiambo. Caleb aliitikia kwa kichwa, kifua mbele.

Mwezi uliofuata alikuja mpishi wa gundi kutoka Mukuru kwa Njenga, na sufuria mkononi.

"Fundi, nataka kama hii. Zidisha kila upande mara mbili tu."

Caleb alifuta mikono, akavuta kiti.

"Kaa kwanza, bwana. Mama Akinyi! Njoo na vile vipande vinane."