Siku Kumi na Moja za "Sawa"

Kila asubuhi, kabla ya chai, Kibiriti alitoka nje akiwa na kitambaa kikuukuu begani, tochi mkononi na daftari kwapani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina la Kibiriti alipewa na mama yake kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na mwepesi wa kuwaka, na siku hizi hata walimu walijisahau wakamwita hivyo.

Kazi yake ilikuwa kulikagua gari. Lilikuwa gari la mama yake, vani ya zamani yenye viti tisa. Mama alilitumia kuwapeleka hospitali wagonjwa wa figo, ambao damu yao husafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki. Watu kama hao hawawezi kusema watakwenda kesho. Mashine ina zamu yake, na mwili nao una zamu yake. Kwa hiyo gari lilitakiwa kuwaka, kwenda na kusimama, mvua inyeshe isinyeshe.

Mambo ya kukagua yalikuwa matano: oili ya injini, maji ya rejeta, mafuta ya breki, upepo wa matairi, na taa. Kibiriti aliangalia moja baada ya jingine, akaandika tarehe na hali aliyoikuta. Mama alianzisha daftari hilo kwa sababu taa ya kwenye dashibodi, ile inayoonya mafuta ya breki yakipungua, ilikuwa imekufa tangu gari lilipokuwa la mtu mwingine. "Gari halisemi," mama alizoea kusema, "lakini halisahau."

Fundi wao alikuwa mzee mwenye gereji nyuma ya soko la mbao. Watu walimwita Fundi Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Hata siku pipa la oili chafu liliposhika moto, aliuendea moto ule kwa mwendo wake uleule, akauzima, akarudi kumalizia nati aliyokuwa akiikaza. Mwaka uliopita, alipokuwa akilipitia daftari la Kibiriti, aliona kwamba maji ya rejeta yalikuwa yakipungua kidogo kila siku, kama upana wa kidole. Akatafuta, akakuta ufa mwembamba kwenye mpira wa maji, akaubadilisha kabla haujapasuka njiani. Tangu hapo hakushika spana kwenye gari hilo kabla ya kusoma daftari. Mafundi wenzake walipomcheka, aliwaambia kwamba mtoto yule alikuwa na macho kila asubuhi, na yeye alikuwa na macho mara moja tu kwa mwezi.

Uzembe ulianza kwa jambo dogo. Kikopo cha mafuta ya breki kilikuwa nyuma kabisa chini ya boneti, na plastiki yake ilikuwa imefifia hata usione kilichomo mpaka ukifute na kukimulika tochi. Ukitoka hapo, mikono inanuka. Siku moja darasani, msichana aliyekaa naye dawati moja alinusanusa, akauliza ni nani amekuja shuleni na gereji mfukoni. Darasa zima likacheka. Kibiriti alicheka pia, lakini siku hiyo alinawa mikono mara tatu kwa sabuni.

Kesho yake hakufungua boneti. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaandika "sawa" mara tano, akampelekea mama daftari. Gari likaenda, likarudi. Siku iliyofuata akaandika tena. Hakuna kilichotokea, na kwa kuwa hakuna kilichotokea, akaanza kuona kwamba hakuna kosa. Siku zikafika kumi na moja.

Siku ya kumi na moja gari lilikuwa na wagonjwa wanne. Kibiriti alikaa mbele, karibu na mama, kwa sababu shule yake ilikuwa mbele kidogo, ukishapita hospitali. Barabara ya kuingia hospitali huteremka mpaka kwenye lango, na saa ile watu wengi walikuwa wakiingia kwa miguu. Mama akakanyaga breki. Pedali ikazama, na gari halikupunguza mwendo. Akakanyaga tena, na tena. Ikazama mpaka karibu na sakafu.

Mama hakupiga kelele. Aliingiza gia ya chini, akaanza kuivuta breki ya mkono kidogo kidogo, huku akilielekeza gari kwenye rundo la mchanga ambalo wajenzi walikuwa wamelimwaga kando ya ukuta. Magurudumu ya mbele yakapanda mchangani, gari likatikisika, likazimika. Mtu wa kwanza kwenye msururu wa waendao kwa miguu alikuwa hatua kama nane hivi kutoka hapo.

Mama akageuka, akawauliza abiria mmoja mmoja kama ameumia. Bibi mmoja, mshonaji aliyekwisha kustaafu, alikuwa amegonga goti na miwani yake imekatika mguu. Alisema goti litapona lenyewe, ila wamsaidie kuitafuta miwani kabla mtu hajaikanyaga. Wauguzi walikuja na viti vya magurudumu, na wote wanne wakafika kwenye mashine kwa zamu yao.  

Gari lilivutwa mpaka gereji. Habari za shule hakuna aliyezikumbuka. Fundi Taratibu alimsikiliza mama mpaka mwisho, akaomba daftari, akalisoma amesimama. Kisha akaliinua gari kwa jeki na kufungua gurudumu la nyuma la kushoto. Ndani kulikuwa kumelowa mafuta ya breki.

Akamweleza mama bila haraka. Katika kila gurudumu la nyuma kuna silinda ndogo ya chuma. Ndani ya silinda kuna raba mbili zinazoyazuia mafuta ya breki yasivuje. Raba za gurudumu hili alikuwa amezibadilisha yeye mwenyewe wiki tatu zilizopita. Sasa, kama mafuta yalikuwa yamejaa asubuhi hii, jinsi daftari lilivyosema, na nusu saa baadaye yamekwisha, maana yake raba imepasuka ghafla. Na raba ya wiki tatu haipasuki ghafla, isipokuwa iwe mbovu tangu kiwandani.

Akampigia simu mwanamke mwenye duka la vipuri alikonunua zile raba. Haukupita muda, mwanamke huyo akaingia gereji na boksi zima kwapani. Alisema hajawahi kuuza kipuri cha bandia na hataanza leo. Fundi akamjibu kwa heshima, lakini akamwambia kwamba raba za boksi hilo azitoe rafuni, na kwamba yeye hatanunua tena kwake.

"Fundi," mwanamke akasema, "miaka kumi na minne unanunua kwangu. Kuna siku nimekudanganya?"

"Hakuna," Fundi akajibu. "Ndiyo maana ninasikitika."

Kibiriti alikuwa amekaa juu ya tairi bovu karibu na ukuta, akisikia kila neno. Alijua kitu ambacho watu wazima watatu waliokuwa mbele yake hawakukijua. Alijua pia kwamba akinyamaza hakuna atakayekijua kamwe. Fundi alikuwa ameshachukua raba nyingine, za duka jingine, na alikuwa akizipaka mafuta ili azitie katika silinda ileile.

Fundi akaitazama kwa mara nyingine ngoma ya breki, lile bakuli la chuma linaloifunika silinda, akakwangua matope meusi kwa kidole. "Cha ajabu ni huu uchafu," alisema, kama anayejisemea. "Umeganda. Ningeapa gurudumu hili limekuwa likivuja siku nyingi. Lakini daftari linasema vingine, na daftari hili halijawahi kunidanganya."

Kibiriti akasimama. 

"Sikuangalia," akasema.

Wakamgeukia. Mama akamwuliza hakuangalia nini.

"Mafuta ya breki. Sikuangalia chochote. Nilikuwa ninaandika tu."

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Hata leo?"

"Hata leo, mama."

Mama akatoka, akaenda kusimama langoni, akiwa amewapa mgongo. Kibiriti aliona afadhali angefokewa.

 Fundi Taratibu aliziweka raba mpya juu ya meza, akaichukua ile silinda, akaiosha upya kwa mafuta ya taa, akaikausha na kuisogeza karibu na balbu. Akaingiza kidole, akaupitisha ukucha wake ndani polepole, kama mtu anayetafuta mwiba. Ukucha ukakwama. Akarudia. Ukakwama palepale. Akamwita mama, akamwita na mwenye duka, kila mmoja akagusa. Kulikuwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele, ulioliwa na kutu.

"Raba si mbovu," Fundi akasema. "Chuma ndicho kibovu. Kilikuwa kikiitafuna raba kidogo kidogo, na mafuta yakitoka kidogo kidogo. Ningetia raba mpya humu, zingeliwa vilevile. Baada ya wiki tatu mngerudi hapa." Akaiweka silinda mezani. "Au msingerudi."

Kisha akamgeukia mwenye duka, akamwomba radhi. Alisema kosa la kwanza lilikuwa lake, kwa kuwa wiki tatu zilizopita hakuupitisha ukucha, na leo alikuwa amemhukumu mtu kabla ya kuyaamini macho yake mwenyewe. Mwanamke alilifunga boksi lake. Alisema alikuwa amejiandaa kukasirika mpaka jioni, lakini dukani ana silinda mbili mpya za gari aina hiyo, kwa hiyo wamwache kwanza akazilete, hasira zitasubiri.

Zilipofika, Fundi alizifunga zote mbili, kushoto na kulia, kwa sababu silinda zinazozeeka pamoja hazisubiriani sana. Ilipofika kazi ya kutoa hewa katika mabomba ya breki, alimwita Kibiriti akae kwenye kiti cha dereva. Yeye mwenyewe akalala chini ya gari na spana ndogo. "Kanyaga," alisema kutoka chini. "Shikilia. Achia." Kibiriti alikanyaga, akashikilia, akaachia, mpaka pedali ikawa ngumu chini ya mguu wake.

Fundi alipotoka chini, alimkuta bado ameushikilia usukani, machozi yakimtiririka. Akamwachia kwanza afute uso, kisha akasema: "Mwanangu, ukiniambia hujui, nitatafuta mwenyewe. Ukiniambia sawa, naacha kutafuta." Akampa kalamu. Kibiriti akazikata "sawa" za siku kumi na moja, na pembeni ya kila tarehe akaandika: sikuangalia.

Safari ya wagonjwa iliyofuata ilikuwa keshokutwa yake. Kabla ya kuwasha gari, mama alimwambia Kibiriti awaeleze abiria kilichotokea, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Kibiriti aligeuka kitini akaeleza, akaomba radhi. Mzee mmoja alitikisa kichwa, akaangalia dirishani, na hakuzungumza naye njia nzima. Bibi mshonaji, ambaye miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi mweusi, alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimekuwa nikiwaambia wanangu kwamba ule ulikuwa mkosi," alisema. "Afadhali umesema. Mkosi hauna fundi, lakini uzembe unatengenezeka."

Kwa mwezi mzima mama alilikagua gari mwenyewe. Hakumsema Kibiriti wala hakumkumbusha, ila aliamka mapema zaidi, na mikono yake ndiyo ikawa inanuka oili. Kibiriti alimwona kupitia dirishani, akiinama chini ya ile boneti nzito kabla ya kwenda kuendesha gari siku kutwa. Siku ya kwanza ya mwezi uliofuata alimfuata nje, akamwomba arudishiwe kazi yake. Alisema darasani wakimcheka atawaambia gari lile hubeba nani.

Mama alimaliza kufuta kikopo, akakimulika, akaandika. Kisha akamkabidhi daftari.

"Sikurudishii kwa sababu umelia," alisema. "Ninakurudishia kwa sababu ulisimama mbele ya watu ukasema, wakati ungeweza kunyamaza. Siku ukichoka, andika umechoka. Siku usipoangalia, andika hukuangalia, nami nitafungua boneti mwenyewe, na hatutagombana. Kazi ambayo haikufanywa, ikijulikana, mtu mwingine ataifanya. Lakini ukishaandika kwamba imefanywa, hakuna tena duniani atakayeifanya."