Ulimi wa Kaka Mbaraka Ulinivunja Mguu

Wasomaji wenzangu, nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mtoto wa Ngamiani, Tanga, mguu wangu wa kulia ulipovunjwa mbele za watu katika jiji la Guangzhou. Aliyeukanyaga alikuwa beki wa Kichina, na huyo sina kinyongo naye hata chembe. Aliyeuvunja hasa alikuwa Mtanzania mwenzangu, niliyekula naye sahani moja!

Mtasema nazusha. Basi ngojeni...

Nilikwenda China kusoma, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Chuo changu cha kwanza kilikuwa kaskazini, kwenye baridi ya kupasua midomo. Huko ndiko nilikojifunza Kichina cha Beijing, na huko ndiko mpira ulikonipa jina. Nilikuwa kiungo mchezeshaji. Mashambulizi yote yalipita kwangu, na mpira ukinifikia ulikuwa wangu! Napiga chenga huyu, namlaza yule, wenzangu wanasimama kunitazama mpaka mimi nitakapoamua. Nilikuwa na majivuno, sikatai.

Kwenye mashindano ya vyuo akaniona kocha wa chuo kimoja cha Guangzhou. Chuo chake kikaniomba, nikahamishwa. Mapatano yalikuwa wazi: nikicheza, nina chumba, chakula na masomo. Nikiachwa kwenye timu, narudi Tanga bila cheti. Na mama yangu alikwisha kutangaza mtaa mzima kwamba mwanawe Sefu atarudi mhandisi!

Kocha wangu mpya alikuwa mzee mfupi, mkavu, mwenye fimbo ya mwanzi ambayo sikuwahi kumwona ameiweka chini. Tatizo likaanza siku ya kwanza. Mzee alikuwa haongei Kichina cha Beijing. Alikuwa anaongea Kikantoni, lugha ya watu wa kule kusini, tena kwa kufoka na haraka haraka. Sikushika hata neno moja...

Nani akaja kuniokoa? Kaka Mbaraka.

Mbaraka alikuwa mtu wa Magomeni, Dar es Salaam, nahodha wa timu, mwaka wake wa nne pale. Kikantoni alikiongea kama aliyezaliwa nacho. Jumamosi aliwatembeza wafanyabiashara wetu waliokuja kutoka nyumbani, akiwatafsiria kwenye soko la vitambaa la Zhongda na lile la nguo za jumla la Shahe. Wote walimwamini. Mimi ni nani nisimwamini? Alinipokea stesheni, akanibebea begi, akanipikia wali wa nazi ya kopo chumbani kwake. "Mdogo wangu," akaniambia, "mzee yule akifoka wewe usihangaike. Nitazame mimi, nitakwambia amesema nini."

Nikamshukuru Mungu kwa kunipa kaka ugenini!

Mazoezi yakaanza. Kocha alikuwa anafoka na kurusha mikono yote miwili mbele, kama anayefukuza kuku. Namuuliza Mbaraka anasema nini. Ananijibu: anasema penya! Kaa na mpira, wavute mabeki, pita katikati mwenyewe. Kha! Si ndio mchezo wangu huo? Nikaingia uwanjani na kupenya. Filimbi ikalia. Mzee akaja mbio, akanitandika vigimbi kwa ule mwanzi mpaka ngozi ikachanika.

Namuuliza tena, jamani, nimekosa nini? Mbaraka akanong'ona kwa huruma: anasema umeachia mapema, wewe ni mwoga.

Mimi mwoga? Mimi! Siku iliyofuata nikakaa na mpira zaidi. Fimbo zikazidi. Wenzangu wa Kichina nao wakaanza kunichukia, kwa sababu mawinga walikuwa wanakimbia na kurudi mikono mitupu. Wakawa wananipiga viatu makusudi mazoezini. Siku moja bafuni walinivamia wawili, mmoja akanibana kichwa ukutani, mwingine akanigonga mbavuni kwa ngumi. Nilimng'ata yule wa kwanza mkono mpaka nikaonja damu yake. Kipa wetu, kijana mrefu wa kaskazini aitwaye Wei, aliyekwisha kujifunza Kikantoni, ndiye aliyekuja kutuachanisha. Sote tulitoka tunavuja damu puani.

Siku nyingine nilikuwa nimechoka na miguu inaniuma, mpira ukanijia nikausukuma tu kwa winga kwa mguso mmoja. Winga akakimbia nao, akafunga. Kocha akapiga makofi! Akacheka, meno yote nje, akinitikisia kichwa. Moyo ukanirukaruka. Nikamgeukia Mbaraka.

"Usifurahi, dogo," akaniambia. "Makofi ya kebehi hayo. Anasema hata bibi yake angeweza kupiga pasi kama ile."

Nikanywea... Kumbe Mungu wangu, ile ndiyo siku pekee niliyofanya alichotaka!

Wasomaji wenzangu, mtaniuliza hukushtuka? Hukuwa na macho? Hukuweza kumuuliza hata Wei kwa Kichina cha Beijing? Nami nawajibu kweli tupu. Ule uongo ulikuwa mtamu kwa sababu ulikuwa ndio niliotaka kuusikia. Niliambiwa niendelee kuwa bwana mkubwa kama nilivyokuwa kaskazini. Nani angekataa?

Ikafika nusu fainali. Uwanja ulijaa. Hata wafanyabiashara wetu wachache walikuja kutushangilia, akiwemo Bi Mwanaidi, mama wa Kariakoo aliyekuwa akinunua viatu Liuhua. Wale wapinzani walikuwa majitu. Walikuwa wameshaambiwa kwamba namba kumi, yaani mimi, haachii mpira, basi kila nikiupata wanakuja wawili, watatu, daluga juu! Nikapigwa kiwiko, jino likatoka. Nikatema damu, nikaendelea. Kocha anafoka, anarusha mikono, anakaribia kulia. Mbaraka, nahodha aliyekuwa akikaa benchi tangu nilipokuja, akanipigia kelele kwa Kiswahili: "Penya, Sefu! Anasema penya!"

Nikapenya.

Beki wa kushoto akanifunga njia, wa kulia akaja kwa kuteleza. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umesimama chini, uzito wote juu yake, akaukanyaga. Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Nilipotazama, unyayo wangu ulikuwa umeelekea upande ambao unyayo hauelekei, na mfupa umetokeza kwenye soksi. Nililia kama mtoto, nikimwita mama. Na kitu cha mwisho nilichokiona kabla sijazimia ni Mbaraka akivua koti la mazoezi aingie badala yangu.

Hospitali nikafungwa hogo la plasta kuanzia unyayo mpaka pajani. Wenzetu wa nyumbani waliokuwa Guangzhou wakaja kunitazama, kila mmoja na methali ile ile mdomoni: asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Walikuwa wameambiwa kwamba nilikuwa mkaidi kwa kocha. Mimi mkaidi! Mimi niliyefuata kila neno!

Kisha akaja kocha mwenyewe, na machungwa kwenye mfuko. Mbaraka nyuma yake. Mzee akakaa ukingoni mwa kitanda changu, akaongea kwa muda mrefu, macho mekundu. Akagusa lile hogo. Nikamtazama Mbaraka.

Mbaraka akainamisha kichwa. Akasema: mdogo wangu, pole, anasema umemwaibisha. Anasema Mwafrika hafundishiki. Amekuja kukwambia ufungashe, hataki kukuona tena.

Damu ikanipanda kichwani! Miezi ya fimbo, jino, mguu, halafu haya? Na bado ananishika mguu huku ananitukana? Kando ya kitanda palikuwa na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto, kama ilivyo katika kila chumba cha hospitali kule. Niliinyakua, nikang'oa kizibo, nikammwagia mzee yule.

Alijikinga kwa mkono. Ngozi ya mkono ule... sitaki hata kuieleza. Alipiga ukelele, machungwa yakatawanyika sakafuni. Wauguzi wakanirukia, wakanifunga kitandani kwa shuka. Mimi bado natukana!

Jioni ile akaja Wei, yule kipa. Alikuwa amefura kwa hasira. Akaniuliza kwa Kichina cha Beijing: wewe ni mnyama gani? Mzee ametueleza alikuja kukwambia kwamba mguu utapona, kwamba jezi namba kumi ni yako na atakungoja hata mwaka mzima, wewe unamuunguza?

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamweleza nilichoambiwa mimi. Akaketi kitandani. Kisha akaniuliza polepole: kila siku kocha alikuwa akikwambia uachie mpira, mguso mmoja, mawinga wanakimbia... wewe uliambiwa nini?

"Niliambiwa nikae nao," nikasema.

Tulitazamana. Wei akafunika uso wake kwa mikono.

Siku niliyopewa magongo sikwenda chuoni. Nilikwenda moja kwa moja Liuhua, kwenye maduka ya viatu. Nikamkuta Mbaraka anamtafsiria Bi Mwanaidi, anatabasamu katikati ya mama yetu na laoban mwenye duka. Sikumsalimu. Nilimshushia gongo la kwanza kichwani. La pili mdomoni. Maboksi yakaporomoka, naye chini yake, nami nikajiangusha juu yake na hogo langu, nikawa nampiga ngumi kama mwendawazimu!

"Jamani! Jamani, utaniulia mkalimani wangu!" Bi Mwanaidi alipiga kelele, akinivuta shati.

"Muulize alikuwa ananitafsiria nini, mama!" nikajibu. "Muulize!"

Mbaraka akatema damu. Hakukana. Alilia, wasomaji wenzangu, alilia kweli. "Jezi ile ilikuwa yangu, Sefu!" akasema. "Miaka yote nakula fimbo za mzee yule mpaka nimeujua mchezo wake, wewe unashuka kwenye treni unavalishwa! Mimi nilitaka uachwe tu. Mguu sikuutaka, wallahi sikuutaka mguu wako!"

Bi Mwanaidi akaniachia shati. Akamtazama Mbaraka, kisha akaitazama mizigo yote aliyokwisha kuinunua kwa ulimi wa kijana yule.

Chuo kikaamua nirudishwe nyumbani. Kwa maji ya moto na kwa magongo ya Liuhua. Ningejitetea kwa lipi?

Asubuhi ya kuondoka niliomba dereva wa chuo apitie uwanjani. Timu ilikuwa inakimbia upande wa pili wa uwanja; kocha alikuwa kando, mkono umefungwa bendeji, fimbo ameihamishia mkono mwingine. Wei alikuwa kwenye mtihani, lakini alikuwa amenifundisha maneno ya kuomba radhi kwa Kikantoni. Nikayasema. Nikajaribu kupiga magoti, hogo likanikatalia, nikaanguka.

Mzee akaniinua. Akaniwekea ule mkono wa bendeji begani, akaanza kusema nami. Hakufoka. Alisema maneno mengi, taratibu, akinitazama machoni. Kisha akageuka, akarudi kwenye mazoezi yake.

Mbaraka alikuwa amesimama karibu, mdomo umevimba. Alikuwa amesikia yote. Akanisogelea, akasema kwa sauti ndogo: "Dogo... nikwambie amesema nini?"

Nilimtazama. Labda siku ile angesema kweli. Labda. Nikamwambia: "Kaa na ulimi wako, Mbaraka." Nikapanda gari.

Sasa nywele zimeingia mvi. Nachechemea Ngamiani, natengeneza redio, na mhandisi yule mama aliyemtangaza hakurudi. Mguu nimeuzoea. Lakini maneno ya mzee yule sikuwahi kuyajua, na usingizi ukinikataa ndiyo yanayonitesa. Alinisamehe? Alinilaani? Aliniambia nirudi?

Ndugu zangu, vijana mnaokwenda ugenini, nawasihi kwa machozi. Lugha ya mtu anayekuamuru jifunze mwenyewe, hata kwa kuchekwa, hata kwa maneno matatu kwa siku. Na ukitafsiriwa jambo likakupendeza mno, uliza mtu wa pili kabla hujapenya... na kabla hujainua mkono. Mimi nilikuwa nasikia la mkuu, nilikuwa nasikia sana. Nilikuwa nalisikia kwa sikio la Mbaraka.