Kiti Hupimwa kwa Mwenyewe

Wanaonijua husema nilizaliwa nikishuku. Nikipewa zawadi nauliza kwanza nimekosewa nini. Kwa hiyo nikisema yule mteja sikumpenda tangu siku ya kwanza, hilo lisiwashangaze. Sijawahi kumpenda mteja yeyote siku ya kwanza.

Nafanya kazi kwenye karakana ya baba mdogo, mume wa mdogo wake mama yangu. Tunavisha magari ya zamani kwa ndani: viti, milango, dari. Ni yale magari ambayo wenye mapenzi nayo huyafufua, wakayatia injini kubwa na kuyashusha bodi mpaka yakaribie kulamba lami. Baba mdogo anachonga sponji, mimi nakata ngozi, mama mdogo anashona. Mama mdogo ana mwili wa haja, na stuli yake ya cherehani ililia kila alipojigeuza. Hatukuwa na haja ya kuuliza kama yupo.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunabishana nani kaficha mkasi mzuri, gari likaingia. Rangi ya damu ya mzee, nikeli zinawaka, mistari yake imenyooka kama suruali ya bwana harusi. Baba mdogo alisahau mkasi papo hapo.

Akashuka mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri. Hakutusalimu kwanza. Alizunguka, akafungua mlango wa abiria, akasubiri kidogo, kisha akaufunga polepole kama mtu anayefunga chumba alimolala mtoto. Nilichungulia. Upande ule hapakuwa na mtu. Hapakuwa hata na kiti, ni sakafu tupu na matundu ya bolti.

"Kamleta nani huyu?" nilimnong'oneza mama mdogo.

"Kaleta gari. Kata ngozi wewe."

Nikambatiza Bwana Taratibu.

Alitaka kiti cha abiria tu, ngozi ya rangi ya maziwa, kwa ajili ya mkewe. Sasa, baba mdogo ana kanuni moja ambayo ameshawafukuzia wateja wakubwa: kiti ni kama kiatu, hupimwa kwa mwenyewe. Sponji ikishachongwa, mwenye kiti anaikalia, na baba mdogo anapita na chaki akifuata pale mwili unapozama. Mwenyewe asipokuja, kazi haipokelewi.

"Mke wangu hawezi kuja," alisema Bwana Taratibu. Kisha akamtazama mama mdogo, kuanzia mabegani mpaka miguuni. "Lakini huyu mama ni mwili wake kabisa."

Nilimtazama baba mdogo, nikingoja amwonyeshe mlango. Lakini yeye alikuwa anapapasa nikeli za lile gari kama mtu anayepapasa farasi wake. "Mara moja tu," alisema. Sponji ilipokwisha kuchongwa na kuwekwa garini, akaita, "Njoo ukae, mke wangu."

Mama mdogo akaja anacheka, uzi ungali mdomoni. "Msinipime kwa sauti, jamani, nina aibu zangu."

Akakaa. Bwana Taratibu akainama dirishani.

"Jiachie, mama. Bado umejishikilia."

"Nimejiachia, baba."

"Bado," alinong'ona. "Achia uzito wote."

Mama mdogo akashusha pumzi, mabega yakalegea, akazama. Chaki ikapita. Alipoinuka hakucheka tena. Alisema anasikia baridi, na ilikuwa mchana wa jua kali.

Kiti kilitoka kizuri, sikatai. Gari likaondoka.

Siku zilizofuata kuna kitu kilinikera na sikujua ni nini. Kila mara nilikuwa nageuka nikidhani mama mdogo katoka. Nageuka, yupo. Anashona. Ndipo nikaelewa. Stuli hailii.

Nikachukua kipande cha sponji mpya, laini kuliko zote, nikakiweka juu ya stuli. "Kalia, ma'mdogo, niambie kama ni ngumu."

Akakaa. Sponji haikubonyea.

"Ngumu hiyo," alisema baba mdogo, akaikalia yeye. Akazama mpaka akayumba.

Tangu hapo mama mdogo alianza kwisha. Si kukonda. Mwili ulikuwa ule ule, nguo zilimkaa vile vile. Lakini feni ya karakana ikigeukia kwake, alikuwa anashika ukingo wa meza. Akipita kwenye vumbi la sponji mlangoni, vumbi halikuwa na habari naye. Usiku alijifunika blanketi zito, akasema likiondolewa anaogopa. Tulikuwa tunampoteza huku tunamtazama.

Nilimshuku hata baba mdogo. Kwa nini avunje kanuni yake siku ile?

"Unadhani nimemtoa mke wangu kwa ajili ya gari?" alinifokea.

Sikuwa na hakika.

Kisha Bwana Taratibu akarudi mwenyewe. Akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa abiria, akasubiri, akaufunga. Nilitazama kupitia kioo cha mlango. Kiti kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimezama. Mkanda ulikuwa umefungwa, umevimba mbele, umezunguka hewa.

"Kiti kinalia," alisema. "Njia nzima. Kinamsumbua."

Na kweli. Gari limezimwa, hakuna aliyeligusa, na mle ndani kulisikika mlio. Kii. Kii. Ule mlio niliujua. Ulikuwa wa stuli ya mama mdogo.

Feni ikageuka. Mama mdogo akashika meza. Mkono mmoja ukaachia.

Baba mdogo akachukua wembe.

"Usifumue," alinong'ona Bwana Taratibu.

"Bila kufumua sioni ndani."

"Nakuomba, fundi. Usifumue."

Baba mdogo akafungua mkanda, akachoma wembe kwenye mshono. Alioushona mkewe. Ngozi ikapasuka kuanzia nyuma mpaka mbele. Akaingiza mikono yote miwili, akaing'oa sponji. Niliishika nimsaidie. Ilikuwa ya moto. Ule mbonyeo aliouchonga ulikuwa umeshuka maradufu. Kama wamekaa wawili, mmoja juu ya mwingine.

Nyuma yetu, stuli ikalia.

Mama mdogo alikuwa ameketi. Analia na kucheka, anajipigapiga mapaja. Baba mdogo alitupa wembe, akamkumbatia, na hapo nikajua nilimkosea. Nililia kama mtoto.

Nilipogeuka, nilitegemea kuona mtu mwenye hasira. Bwana Taratibu alikuwa anamtazama mama mdogo. Hapana. Alikuwa anatazama pembeni yake kidogo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo.

Akaingia garini, akaondoka. Hakuzunguka. Mlango wa abiria hakuugusa.

Sponji tuliichoma moto nyuma ya karakana. Mteja yule hatujamwona tena, na mama mdogo amepona kabisa: anakula, anashona, ananigombeza. Baba mdogo anasema yamekwisha, na mimi niache kushuku kila kitu.

Nimejaribu. Lakini jioni nikienda kwao, mama mdogo hukaa kwenye kochi, na siku hizi hakai katikati. Husogea ukingoni, bila kujua, kama mtu anayempisha mgeni. Mto wake hubonyea. Wa pembeni nao hubonyea. Akiinuka kwenda jikoni, mto wake hupanda papo hapo.

Ule mwingine huchelewa kidogo.