Nilimpa Truphena Insha ya Mwisho

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na tatu, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Eldoret, na sina digrii. Nilikuwa karibu kuipata... karibu sana. Leo nataka mjue alichonifanyia Truphena, nilichomfanyia mimi, na mtu aliyeumia bila kosa lolote.

Miaka ile chama kilikuwa kimoja na vyuo vikuu vichache. Sisi walimu wenye watoto tungewezaje kwenda kukaa bwenini? Kozi ya kusomea nyumbani ilipotangazwa, nililia kwa furaha. Vijitabu vya masomo vilikuja kwa posta. Jumamosi alasiri mhadhiri alizungumza redioni, nasi tukaandika mbio mbio. Insha tulizituma kwa posta, na chuo kikarudisha kadi ndogo tu yenye maksi. Insha zenyewe zilibaki kwao.

Truphena alikuwa mwalimu kama mimi, na jirani yangu pale mtaani Huruma, ukuta mmoja. Ofisi ya mumewe ilikuwa na sanduku la posta, mimi sikuwa nalo. Kwa hivyo barua zangu zilipitia kwake, na kila nilipomaliza insha nilimpa aitume pamoja na yake. Nilimwamini. Tulikunywa chai ya birika moja na kusikiliza redio moja.

Jina la mwanafunzi liliandikwa kwenye karatasi ya mbele peke yake, iliyoshikizwa kwa pini. Kurasa nyingine hazikuwa na jina. Mnaona ninakoelekea?

Kadi zangu zilikuja na thelathini na nane, thelathini na tano... Za Truphena, sabini na kitu. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimweleza masomo! Alinifariji sana. Aliniambia, "Jikaze, Mama Chebet. Wewe pengine unaandika mambo mingi, wanachoka kusoma." Nilianza kuamini kwamba mimi ni mjinga. Mume wangu akaanza kuuliza kama kozi hii ina maana. Kisha chuo kikaniandikia kwamba nikianguka tena mwaka huo, nitaondolewa.

Likizo ya Agosti tuliitwa chuoni wiki mbili tufundishwe ana kwa ana. Siku ya tatu mhadhiri wetu, Dakta Simiyu, alisimama na insha aliyosema imezidi zote, akaisoma. Ilianza na mzee mmoja wa Chepsaita akipeleka maziwa kwa baiskeli, binti yake amekaa nyuma akihesabu nguzo za simu, na hivyo ndivyo alivyojifunza hesabu. Mzee huyo ni baba yangu. Binti ni mimi! Dakta akamwomba mwenye insha asimame. Truphena akasimama. Darasa zima likapiga makofi, na mimi nikapiga.

Mchana huo tulifanya mtihani mdogo. Kesho yake Dakta aliniita ofisini, akafunga mlango. Mezani aliweka mtihani wangu na ile insha. "Madam, hii mwandiko ni moja," alisema kwa upole. "Niambie tu. Nitarekebisha maksi zote, na hakuna mtu atajua ni wewe umesema."

Kwa nini sikusema? Kwa sababu maksi hazikunitosha tena. Nilitaka Truphena aumie. Nilimwambia Dakta kwamba sijui lolote, nikatoka.

Insha ya mwisho ya mwaka ilihusu elimu na maendeleo ya taifa. Kurasa tatu niliandika vizuri kabisa. Ukurasa wa nne nikaandika yale ambayo watu walinong'onezana tu: kura za mlolongo, jinsi mstari mfupi ulivyotangazwa mshindi, na watu waliochukuliwa nyumbani kwao wasionekane tena. Nilijua Truphena hazisomi insha zangu. Kazi yake ilikuwa kutoa pini na kubadilisha karatasi ya mbele. Kama angeacha kuiba mara hiyo moja, ningechukuliwa mimi. Nilimkabidhi insha nikitabasamu, naye akaniuliza kama aniletee sukari akitoka posta.

Hakuacha kuiba.

Walikuja shuleni kwao, wanaume wawili, wakamtoa mbele ya darasa. Sijui nani chuoni aliifungua bahasha kabla ya Dakta. Niliposikia nilifurahi, siwafichi. Nilikula ugali nikashiba, watoto wake wakila mezani kwangu kwa sababu baba yao alikuwa akizunguka vituo vya polisi akimtafuta. Siku ya tisa alirudi ameshikwa mkono, miguu imefura haiingii kwenye viatu. Kazi ya ualimu alikuwa ameshafutwa.

Wiki iliyofuata wakanijia mimi, maana Truphena alikuwa amewaambia insha ni yangu. Waliniandikisha mistari miwili, mkono ukatetemeka hata mimi nisiutambue mwandiko wangu. Wakaleta faili yangu ya chuo. Ndani mlikuwa na mwandiko wa Truphena mtupu! Wa kunifunga ulibaki ule mtihani wa Agosti tu, nao alikuwa nao Dakta. Jioni mkubwa wao akaniambia niende nyumbani. "Uko na bahati, mama. Huyo dakta wako anasema alichoma hizo mitihani zote."

Dakta Simiyu alifukuzwa kazi mwezi huo huo. Karatasi pekee pale chuoni iliyokuwa na jina langu na akili yangu pamoja, aliichoma ili kuniokoa. Faili yangu ikabaki na insha za Truphena, thelathini na tano, thelathini na nane, na kwa hizo nikaondolewa kwenye kozi.

Truphena sijamsamehe. Akisoma haya, ajue hivyo. Lakini Dakta alikuwa amenikosea nini?

Wewe unayesoma na wenzako, andika jina lako kila ukurasa, na barua yako itume kwa mkono wako. Na ukiibiwa, akatokea mtu mwenye uwezo wa kukusaidia akakuuliza, tafadhali mwambie siku hiyo hiyo. Usiibebe hasira ukaitafutie kazi. Mimi nilikwenda kumwomba Dakta msamaha kwao kijijini... mkewe alinipokea mlangoni, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia mumewe hataki kuniona.