Matofali ya Mama Violeth

Kila asubuhi Kabula alifagia uwanja na kuchota maji kabla ya kwenda shule. Siku hizi alifagia amenuna. Kati ya nyumba yao ya zamani na ya mzee Limbu, mjini Bariadi, palikuwa na kiwanja walichochezea rede. Sasa Mama Violeth alianza kujenga hapo nyumba ya vyumba vinne, kimoja cha Violeth peke yake! Kabula alilala sebuleni na wadogo zake watatu. Alimwonea rafiki yake wivu hadi ugali ukawa haushuki.

Fundi Ngassa alipomaliza kufyatua matofali ya saruji, alikwenda Lamadi kwa kazi nyingine. Mama Violeth naye akapata msiba Maswa, ikabidi asafiri na Violeth.

"Kabula mwanangu, utanimwagilia matofali asubuhi na jioni," alisema. "Yakikosa maji hayakomai."

"Sawa, mama."

Hakumwagilia hata kopo moja. Jua liliwaka siku tano mfululizo. Mama yake alipomuuliza, alijibu bila aibu, "Nimeshamwagilia."

Siku ya sita fundi na Mama Violeth walirudi.

"Mwangaluka, mayu," fundi alimwamkia Mama Violeth kwa Kisukuma, akimwita mama, kisha akanyanyua tofali. Pembe ikamomonyoka mkononi. La pili likakatika katikati.

"Ngassa! Umejaza mchanga, saruji yangu umeipeleka wapi?" Mama Violeth alifoka mbele ya majirani. "Kabula ameyamwagilia, mama yake ameniambia. Kusanya vyombo vyako uende!"

"Mayu, miaka kumi na tano najenga mji huu..." Akainama kuokota mwiko na pima maji.

Kabula alitaka nyumba isijengwe. Hakutaka fundi aitwe mwizi.

"Fundi hana kosa," alisema akilia. "Sikuyamwagilia. Nilimwonea Violeth wivu."

Mama Violeth alimwomba fundi radhi palepale. Mama Kabula hakumchapa mwanawe, alimkabidhi ndoo. Fundi akafyatua matofali mapya, na Kabula akamwagilia siku saba, kutwa mara mbili. Violeth alimnunia siku mbili. Ya tatu akaja na ndoo yake.

Siku ya mwisho fundi aligonga tofali kwa nyundo. Lilikuwa gumu. Akacheka.

"Umeona?" Mama Kabula alimwambia binti yake. "Wivu wako haukutuongezea hata chumba kimoja. Ila nusura umharibie mtu jina, na jina la mtu, mwanangu, halifyatuliwi upya kwa siku saba."