Mkono wa Marsiana

Kila asubuhi, kabla ukungu wa kijiji cha Kasense haujainuka, Marsiana alichota maji, akafagia uwanja, kisha akamfuata mama yake kwenye shamba la ulezi. Shule aliiona kwa mbali tu. Mara mbili mama alijaribu kumwandikisha, na mara zote mbili ada ilikosekana. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, wala hakujua kuandika jina lake.

Mwaka 2002 ulipoanza, ada ilikuwa imefutwa. Marsiana alimsindikiza mdogo wake, Timoth, kuandikishwa darasa la kwanza. Watoto walijaa uwanja mzima wa shule. Hakuwahi kudhani Kasense ina watoto wengi namna ile. Kisha akasikia wazazi wakisema kuwa aliyezidi miaka kumi hapokelewi darasa la kwanza. Hata hivyo akajipanga mstarini nyuma ya Timoth.

Wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, hivyo Mwalimu Ndalahwa, mkuu wa shule, alitumia kipimo cha zamani: mtoto apitishe mkono juu ya kichwa, aguse sikio la upande wa pili. Asiyelifikia ni mdogo mno; anayelipita kwa urahisi amezidi umri. Timoth aligusa kwa taabu. Mkono wa Marsiana ungefika shavuni bila shida, lakini alikunja kiganja na kukaza uso, kana kwamba analifikia sikio kwa taabu. Akasema ana miaka tisa. Mwalimu alimtazama kidogo, akaandika.

Wiki ya pili waliingia darasa jipya. Matofali yake waliyafyatua na kuyachoma wazazi wenyewe, na Marsiana alikuwa amebeba mengi kichwani. Mara mvua ikashuka. Sauti yake juu ya bati ilikuwa kubwa mno hata Mwalimu Ndalahwa akaacha kufundisha. Watoto wote waliinua macho. Hakuna aliyelowa.

Mvua ilipopungua, Timoth aliuliza mabati yale yametoka wapi.

"Nchi yetu ilikuwa na deni kubwa kwa mataifa tajiri na mabenki ya dunia," alisema Mwalimu Ndalahwa. "Tulilipa kila mwaka, na bado halikwisha. Tulipoomba kusamehewa, tulitakiwa kwanza kuyaweka madeni yote mezani, bila kuficha hata moja. Sehemu kubwa ikafutwa, ili fedha za kulilipa zisaidie shule na zahanati. Ndizo zilizonunua mabati haya."

Marsiana alistaajabu. Jambo lililoamuliwa ng'ambo, na watu wasioijua Kasense, limefika mpaka juu ya kichwa chake! Lakini furaha yake ilikuwa na mwiba. Wenzake walipotoka, yeye alibaki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi nina miaka kumi na miwili. Nilidanganya. Niliogopa kurudi shambani."

Machozi yalimtoka. Alisubiri kuambiwa achukue daftari lake aende.

"Nilijua," mwalimu alisema taratibu. "Kiganja kile hakikukunjika chenyewe. Nilikuwa nakusubiri useme."

Akamweleza kuwa Jumatatu litaanza darasa la MEMKWA, la watoto walioikosa shule. Wakijitahidi, baada ya miaka michache wataingia darasa la tano. Huko umri wake haukuwa kosa, ndio uliokuwa ukihitajika.

"Njia ya mwongo ni fupi, Marsiana. Hata nchi haikusamehewa deni ililolificha. Ilisamehewa lile ililolitaja."

Kisha akamfungulia daftari la MEMKWA na kumshika mkono, wakaandika pamoja: Marsiana, miaka 12.